Malkia Unayemkuta Sakafuni Si wa Chungu Wako

Chungu mkubwa uliyemkuta sakafuni asubuhi baada ya mvua ya kwanza huenda ni malkia kweli, lakini si malkia wa hao wanaoingia kwenye kopo lako la sukari. Hilo nimekuwa nikilieleza kila vuli na kila masika katika nyumba ninazokwenda kutengeneza umeme hapa Tanga. Leo nimeona niliandike lote, maana ni jambo lisiloelezeka vizuri mtu akiwa juu ya ngazi na testa mkononi.

Kazi ya umeme na chungu zinakaribiana kuliko watu wanavyodhani. Chungu wanapenda vitu vilevile ninavyolipwa kuvifungua: boksi la swichi, soketi, holda ya taa, paipu ya waya iliyozama ukutani. Mle ndani mna giza, pakavu, joto lipo kidogo, na ufagio haufiki. Iwe nyumba ya zamani ya Ngamiani kwenye zile barabara za namba, iwe nyumba mpya ya Kange ambayo rangi bado inanuka, nikilegeza skrubu mbili za kifuniko cha swichi naweza kukuta kundi zima linamwagika, kila mmoja amebeba kitu cheupe mdomoni. Watu huviita mayai. Mayai yenyewe ni madogo mno, yameshikana kwa mafungu na huonekana kwa shida. Hivyo vyeupe vikubwa ni mabuu na pupa, watoto ambao bado hawajawa chungu kamili. Ukiviona, fahamu kwamba malkia hayuko mbali, au walau juzi hakuwa mbali.

Hapo ndipo mama mwenye nyumba huniambia kutoka mlangoni, "Fundi, basi mtafute malkia wao umuue, waondoke wote." Na mwanawe ameshaniletea kiberiti chenye chungu mmoja ndani: "Huyu hapa, mjomba, nilimkamata jana usiku." Nafungua kiberiti. Mara nyingi si malkia. Na akiwa malkia, si wa swichi ile.

Anayetaka kumtambua malkia asianze na ukubwa, aanze na mgongo. Mwili wa chungu una sehemu tatu, kichwa, kifua na tumbo, na kati ya kifua na tumbo pana kiuno chembamba sana. Miguu yote sita imeota kifuani, na mabawa, kwa wale wenye nayo, huota hapohapo. Malkia wa aina nyingi aliwahi kuwa na mabawa, au bado anayo. Ili yamnyanyue, kifua chake kimejazwa misuli ya kurukia, kwa hiyo kimetuna na kuinuka, upana wake unalingana na wa kichwa au kuuzidi, na ukikitazama kwa karibu utaona kimeungwa kwa mabamba kadhaa. Kwa ubavuni anaonekana kama mtu aliyejitwika mzigo mgongoni. Mfanyakazi hakuumbwa kuruka. Kifua chake ni chembamba, kimebanwa, na mara nyingi ndicho sehemu nyembamba kuliko kichwa na tumbo.

Mabawa yakishang'oka hubaki makovu, vidoa au vijishimo vidogo kila upande wa kifua pale yalipokuwa yameota. Juu ya kichwa, malkia ana pia vijicho vitatu vidogo vilivyopangwa pembetatu, mbali na yale macho mawili ya pembeni, na wafanyakazi wa aina nyingi za chungu hawanavyo kabisa. Kwa macho matupu hutaviona. Kwa simu yenye kamera nzuri na mwanga wa tochi kutoka pembeni, kwa malkia mkubwa, unaviona.

Tumbo linadanganya sana. Ni kweli tumbo la malkia huwa kubwa, kwa sababu ndimo mayai yanamotengenezwa. Lakini mfanyakazi aliyetoka kunywa juisi ya embe iliyomwagika naye tumbo lake hutuna hadi ngozi inavutika na mistari myeupe kuonekana kati ya pete zake. Watoto hunionesha hao kila mara. Kifua chembamba, tumbo limejaa: huyo ni mfanyakazi aliyeshiba, anarudi nyumbani kuwatapikia wenzake walichomtuma.

Kichwa nacho kinadanganya. Kule Mikanjuni na Makorora, kwenye viwanja vya mchanga, wapo chungu wa kahawia wanaotoboa chini ya ukuta na kuacha vijifusi vya mchanga pembeni mwa varanda. Wengi ni wadogo, milimita mbili au tatu, lakini kati yao hutembea wachache wenye kichwa kikubwa kupita kiasi, kimegawanyika katikati kwa mfereji. Wataalamu huliita kundi hilo Pheidole, na aina iliyoenea sana mwambao wetu ni Pheidole megacephala. Kila anayemwona yule mwenye kichwa hudhani amempata mtawala wao. Ni askari. Kichwa kile kimejaa misuli ya taya, kazi yake kupasua mbegu, kukatakata mawindo makubwa na kupigana. Na katika jamii ya Pheidole wafanyakazi na askari hawana hata viungo vya kutengenezea mayai, kwa hiyo huyo mwenye kichwa hawezi kutaga yai hata moja maisha yake yote. Malkia wao kichwa chake ni cha kawaida tu. Ukimwona, kifua na tumbo ndivyo vitakavyokushtua.

Ukitaka kumtazama kwa utulivu, mtie kwenye kichupa cha dawa cha plastiki angavu, kifunike, kiweke kwenye jokofu dakika chache. Si kwenye friza. Atapoa, atatulia, na akirudi kwenye joto atatembea tena bila madhara. Mlaze juu ya karatasi nyeupe, weka rula pembeni, na piga picha kwa ubavuni. Picha ya kutoka juu, ambayo ndiyo kila mtu hunitumia, huficha mgongo, na mgongo ndio ushahidi wenyewe.

Sasa nieleze kwa nini nasema si malkia wa chungu wako.

Mvua za vuli zinapoanza, Oktoba au Novemba, ardhi ikishalowa, upepo ukatulia na jioni ikawa na joto zito lile tunalolijua, viota vya aina moja ya chungu huachilia wenye mabawa karibu kwa wakati mmoja. Mji mzima. Hawajapeana habari, wote wanasoma hali ileile ya hewa. Ikitokea hivyo, mabinti wa kiota cha Chumbageni wanaweza kukutana angani na madume wa Raskazone. Malkia kijana hupandwa jioni hiyo, na dume mmoja au zaidi kutegemea aina yake, na mbegu anazopata huzihifadhi katika kifuko ndani ya tumbo lake. Hazitaongezwa tena. Ni hizo atakazozitumia maisha yake yote, akizitoa kidogo kidogo: yai lililopata mbegu huwa jike, yai lisilopata huwa dume. Madume wenyewe hawana kazi nyingine duniani. Hufa ndani ya siku chache. Hao ndio wale wembamba wenye kichwa kidogo na macho makubwa unaowafagia chini ya taa ya varanda, na watu huwahesabu nao kuwa malkia kwa sababu tu wana mabawa.

Malkia akishatua, hujing'oa mabawa mwenyewe kwa miguu yake. Yameumbwa kukatikia mahali maalumu. Kisha anaanza kutembea chini, peke yake, akitafuta pa kujificha: chini ya jiwe, ufa wa ukuta, tundu la ubao wa mlango, boksi la mita. Huyu ndiye unayemkuta sakafuni asubuhi. Yuko peke yake kwa sababu bado hana mtu. Hana mfanyakazi hata mmoja, hana kiota, na chungu wa jikoni kwako wakimkuta watamuua, maana kwao ni mgeni.

Akifanikiwa kupata chumba, anakiziba. Na wa aina nyingi hali kitu tena mpaka watoto wake wa kwanza wakomae. Misuli ile ya kurukia, iliyomtunisha mgongo, haina kazi sasa. Mwili wake unaiyeyusha pamoja na mafuta aliyotoka nayo kwao, na kwa hiyo anawalisha mabuu. Wiki kadhaa gizani, bila tone la maji kutoka nje. Wafanyakazi wa kwanza hutoka wadogo kuliko kawaida ya aina yao, kwa sababu walikuzwa kwa akiba ya mwili mmoja. Hao ndio wanaotoboa ukuta wa chumba na kwenda kutafuta chakula cha kwanza. Kuanzia hapo malkia hutaga tu, na hatoki. Wapo wengine, hasa katika jamii za chungu wanaodunga kwa mwiba, ambao malkia hafungi mlango kabisa, hutoka mwenyewe kuwinda hadi apate wasaidizi. Lakini wengi wa wale wa majumbani kwetu ni wa kujifungia.

Kwangu hili ni miongoni mwa mambo makubwa yanayotokea ndani ya nyumba ya mtu bila mwenye nyumba kujua. Katika malkia wote walioruka jioni moja, walio wengi mno hawafiki popote. Mjusi kafiri anawasubiri kwenye taa, buibui yuko pembeni ya dirisha, alfajiri kuku na kunguru wanamalizia, na waliobaki wanakutana na chungu wenyeji. Anayepona anaweza kuishi miaka mingi kuliko mbwa wako. Malkia mmoja wa chungu mweusi wa bustani za Ulaya aliishi maabara karibu miaka 29. Mfanyakazi wake anaishi miezi, au mwaka mmoja au miwili. Miaka 29 ya kutaga kwa mbegu alizochukua siku moja!

Malkia wa kujifungia wanaoletwa kwangu zaidi ni wa wale chungu wakubwa wa usiku, wekundu wa njano wenye madoa tumboni, wanaotoka baada ya taa kuzimwa na kuzunguka sinki na mfuniko wa sufuria. Kitaalamu ni Camponotus. Wafanyakazi wao wenyewe ni wa saizi mbalimbali, kuna wadogo na kuna wakubwa wenye vichwa vipana, kwa hiyo mtu huona mkubwa akasema ni malkia. Malkia wao ni mkubwa zaidi, sentimita moja na nusu hivi, tumbo refu, kifua kimetuna sawasawa na nilivyoeleza, na huvutwa mno na taa usiku wa mvua. Ukimkuta huyo bafuni, mchukue kwa karatasi, mtoe nje chini ya mti. Hadungi. Ukimponda hujapunguza hata chungu mmoja kwenye sukari yako.

Sukari yako ina wengine, na habari zao ni tofauti kabisa.

Sisimizi wale wadogo wa njano, milimita mbili, wanaotembea mstari mmoja kutoka soketi hadi kabati la vyombo, ni Monomorium pharaonis. Hawa hawana jioni ya harusi angani. Wanapandana humohumo kiotani, na kiota kimoja kina malkia wengi, wengine makumi, wengine zaidi. Malkia wao ni mdogo pia, hafiki milimita tano, rangi imeiva kidogo kuliko ya wafanyakazi, kifua kimenenepa. Hao ndio malkia nilioweza kuwaona mara nyingi ndani ya boksi la swichi, wakikimbia pamoja na wafanyakazi, wawili watatu kwa pamoja. Kwa hiyo mama anaponiambia nimuue malkia, namwonesha: yupi?

Na hapa naomba nisikilizwe na kila mwenye kopo la dawa ya kupuliza. Sisimizi hawa ukiwapulizia, unaua waliopo mbele yako, na waliobaki wanagawanyika. Kikundi kinachukua malkia wachache na mabuu, kinahamia ukuta mwingine, na kinaanza kiota kipya. Nyumba iliyokuwa na kundi moja jikoni inakuwa na makundi jikoni, bafuni na chumba cha watoto. Nimeziona nyumba za namna hiyo, na dawa ilipulizwa kila wiki kwa bidii kubwa. Kinachofaa ni chambo kinachoua polepole, kwa mfano maji ya sukari yenye asidi ya boriki kidogo sana, asilimia moja hivi, ili mfanyakazi aweze kufika nacho nyumbani na kumlisha malkia na mabuu. Kikiwa kikali anafia njiani na malkia hapati kitu. Weka mahali mtoto na paka hawafiki, na usipulizie chochote karibu yake. Zaidi ya hapo, dawa ya maji ndani ya soketi ni hatari kwako kuliko kwa sisimizi. Zima sakiti breka kwanza, na kazi ya kusafisha boksi mwachie fundi.

Kuna pia wale weusi wa majivu, miguu mirefu, wanaokimbia huku na huku bila mstari na hutawashika kwa kidole. Paratrechina longicornis. Nao wana malkia wengi, na wao wana jambo ambalo nikilifikiria sichoki kushangaa: mwaka 2011 watafiti walichapisha kwamba malkia wao huwazaa malkia wapya ambao ni nakala yake mwenyewe, na madume nao ni nakala za baba yao, kwa hiyo ndugu wanaweza kupandana humohumo kiotani miaka nenda miaka rudi bila damu yao kuharibika. Ndio maana kikundi kidogo kikisafiri ndani ya mzigo wa meli kinatosha kuanzisha ukoo katika bandari yoyote. Na Tanga ni bandari.

Narudi kwenye taa ya nje, kwa sababu si kila mwenye mabawa pale ni chungu.

Kumbikumbi ni mchwa, na mchwa si chungu hata kidogo. Ndugu zake wa karibu ni mende, wakati chungu ni jamaa wa nyuki na nyigu. Kwenye dirisha asubuhi unaweza kuwatofautisha hata kama wenyewe wameshaliwa. Okota mabawa. Ya kumbikumbi ni manne yenye urefu mmoja, marefu kuliko mwili, laini, yanarundikana. Ya chungu, yale mawili ya mbele ni marefu waziwazi kuliko ya nyuma. Ukimpata mwenyewe, tazama kiuno: chungu amebanwa, kumbikumbi amenyooka. Tazama vipapasio: vya chungu vimekunjika katikati, vya kumbikumbi vimenyooka na ni vya shanga ndogondogo. Tofauti hii ina fedha ndani yake. Kumbikumbi waliokuja kwenye taa kutoka nje si neno. Kumbikumbi wanaotoka ndani ya fremu ya mlango au kwenye mbao za dari ni habari nyingine. Pale una mchwa ndani ya nyumba, na umwite fundi seremala kabla hujaniita mimi. Na mchwa wana mfalme pia, anayeishi na malkia wake chumba kimoja maisha yote, tofauti na dume wa chungu.

Kisha lile dudu kubwa la rangi ya kutu, sentimita tatu hivi, mwili mrefu wa mviringo, linalogonga balbu na kuanguka na kugonga tena. Watoto wanalikimbia wakidhani nyigu. Wala hawakosei peke yao: mwaka 1764 Carl Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Uswidi, alipoliandika kitabuni aliliweka kwenye kundi la nyigu. Ni dume wa siafu. Hana mwiba, hawezi kukufanya kitu. Malkia wake hutamwona kwenye taa kamwe, kwa sababu malkia wa siafu hana mabawa siku yoyote ya maisha yake, ni kipofu, na ndiye chungu mkubwa kuliko wote duniani, tumbo likijaa mayai hufikia sentimita tano. Siafu wanapohama usiku hutembea naye katikati ya msafara, amefunikwa na wafanyakazi. Dume ndiye anayeruka kutafuta kundi lingine, na akilipata wafanyakazi humkata mabawa na kumwingiza ndani. Huku kwetu siafu waliandikwa mapema: Vosseler, mtaalamu wa wadudu katika kituo cha Amani kule Usambara Mashariki enzi za Wajerumani, alichapisha makala juu yao mwaka 1905. Napenda kulitaja hilo kwa vijana wa shule wanaodhani elimu ya wadudu ni ya kwingine.

Mmoja wa mwisho asiye malkia, na huyu mwogope. Chungu mkubwa mwenye manyoya, kifua chekundu, tumbo jeusi lenye madoa meupe, anakimbia peke yake mchana juani kwenye mchanga. Si chungu. Ni nyigu jike asiye na mabawa, na mwiba wake unauma vibaya sana. Usimtie mtoto mkononi ukidhani ni malkia.

Nimewabakiza majimoto, wale chungu wa mitini, kwa makusudi. Hao ndio wanaonipa kesi nyingi kwa sababu wanatumia waya wa umeme kama barabara, kutoka mwembe hadi paa. Ukiweka ngazi kwenye mwembe wenye majimoto unalijua somo lenyewe: wanauma na kumwagia tindikali kwenye kidonda. Nikipanda najipaka majivu mikononi na kuyanyunyiza kwenye miguu ya ngazi. Wateja husema, "Fundi, tupulizie huko juu."

Nawaomba wasubiri. Kundi moja la majimoto lina viota vingi, makumi ya majani yaliyoshonwa kwa nyuzi za hariri zinazotoka kwa mabuu wao, yametapakaa miti kadhaa. Malkia ni mmoja, katika kiota kimoja tu, mara nyingi juu sana, na viota vingine vyote havina. Kupuliza viota viwili vya chini ni kuwaudhi bure. Na jambo kubwa zaidi, kama kiwanja kina minazi, hao ni walinzi wako. Kuna mdudu mfyonzaji, Pseudotheraptus wayi, anayechoma vidaka vikadondoka kabla ya kuwa vitale, na vinavyobaki vinakua nazi zenye makovu. Alichunguzwa sana Unguja miaka ya 1950, na jina lake linamkumbuka mtafiti Way, aliyekuwa akiwafuatilia majimoto huko. Mnazi wenye majimoto hushambuliwa kidogo. Na adui mkubwa wa majimoto kwenye minazi ni yuleyule Pheidole wa kichwa kikubwa anayekaa chini ya shina na kuwazuia kushuka.

Mzee mmoja wa Raskazone, mwenye minazi na mwembe mmoja uliokuwa unagusa waya wake wa kuingilia, alikuwa ameshanunua dawa nilipofika. Nilimwamkia, tukakaa kivulini, nikamwonesha chini ya jani moja malkia watatu vijana wa majimoto wamejikunyata pamoja, wameshang'oka mabawa. Kwa majimoto hilo hutokea; malkia kadhaa huanza kwa kushirikiana. Aliwatazama muda mrefu kwa miwani yake ya kusomea, akaniuliza kila kimoja ni cha nini, kifua, makovu, tumbo. Kisha akasema, "Mwanangu, kata tawi, waya usogeze, hawa waache."

Tukakata tawi. Waya tukaupitisha upande wa pili wa nyumba, mbali na majani, na taa yake ya nje ambayo ilikuwa nyeupe ya kibuluu nikambadilishia ya mwanga wa njano, maana mwanga mweupe wa namna ile huita wadudu wengi zaidi. Dawa ilirudishwa dukani. Sasa anataka kupandikiza majimoto kwenye minazi ya upande wa baharini, na nimemwambia ukweli: kuhamisha viota vyovyote hakutoshi. Lazima kipatikane kile chenye malkia, ama sivyo wafanyakazi watazeeka na kupungua hadi waishe. Tunakitafuta kwa darubini ya mkono, alfajiri, kabla jua halijawa kali, na tumeshaanza na mti wa kwanza.